Kufunga Mizigo Upya, Tabora

Wanaosimulia misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji huanza na njia: pori la Mgunda Mkali, hongo ya watemi wa Ugogo, kiu, homa. Mimi huvutiwa zaidi na kilichoitangulia njia, yaani ufungaji wa mzigo. Merekani, kitambaa kilichofumwa Marekani na kushushwa Unguja, hakikubebwa kama kilivyotoka melini. Kilikunjwa, kikabanwa, kikaviringishiwa mkeka na kukazwa kwa kamba mpaka kikawa mtumba mrefu, mgumu, kisha mtumba ukafungiwa fito zilizochomoza upande mmoja. Pagazi akitaka kupumzika aliusimamisha kwa fito zile akauegemeza kwenye mti. Akitaka kuondoka, aliingiza bega chini yake akainuka, bila kuinama hadi chini. Uzito ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo. Waya wa shaba ulining'inizwa ncha mbili za mti mmoja, mzegamzega. Shanga zilitiwa mifukoni. Kila kitu kilipimwa kwa bega la mtu mmoja, na kila mzigo ulijitosheleza: mmoja ukichelewa njiani, mingine haikupungukiwa kitu.

Tabora ndipo mizigo hiyo ilipofunguliwa na kufungwa upya. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, Novemba 1857, wapagazi wao Wanyamwezi waliitua mizigo wakaenda makwao, na wageni wakakaa hapa wiki kadhaa wakitafuta wengine. Ndiyo ilikuwa desturi ya mji. Wafanyabiashara walifungua mitumba, wakaangalia kilicholowa na kilicholiwa na mchwa, wakagawa upya: hii ya Ujiji, hii ya Karagwe, hii ibaki ghalani. Njia hiyohiyo ilipitisha pia pembe na watu waliotekwa utumwani, na uchungu huo haufutwi na ustadi wa mtu yeyote. Lakini Wanyamwezi waliobeba wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wenye kiburi cha kazi yao, na ustadi wao unastahili kutazamwa kwa makini kama ustadi wa mafundi wengine.

Nimeyafikiria sana haya kwa sababu ya kazi niliyoitazama ikifanywa hapahapa Tabora: kuyahamisha maandishi yangu kutoka kwenye jukwaa la kampuni ya mbali na kuyaweka kwenye tovuti tuli ninayoitunza mwenyewe. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika mtandaoni juu ya njia ya misafara: tembe, miembe mikongwe, majina ya vijiji, masimulizi ya wazee. Maandishi yalikuwa yangu, lakini nyumba haikuwa yangu. Mwenye nyumba alibadilisha rangi alipotaka. Mwishowe matangazo ya kamari yakaanza kuchomoza katikati ya simulizi la mzee aliyekwisha fariki, wala hakukuwa na mlango wa kubisha kulalamika.

Fundi niliyempata ni binti aliyesomea kompyuta akarudi nyumbani. Shughuli zake za kila siku ni mifumo ya maduka na ya shule. Siku ya kwanza nilitarajia aanze kuchora sura ya tovuti mpya. Hakuigusa. Aliomba orodha: kila anwani ya kila ukurasa, kila picha, kila kiungo kinachotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Jukwaa la zamani lilimpa faili moja kubwa la kupakua, akaona halitoshi. Akaandika programu ndogo iliyozunguka ukurasa hadi ukurasa ikiandika inachokikuta, kisha akalinganisha orodha mbili, na zilipotofautiana akanipigia simu. Kulikuwa na kurasa ambazo faili kubwa lilizisahau kabisa.

Mwaka 1873, mmisionari Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, wenzake nao walianza hivyo. Masanduku yalifunguliwa mbele ya wote, na Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya watumwa waliokombolewa huko Nasik, India, akaombwa aorodheshe kila kilichomo. Ndipo Susi, Chuma na wengine wakaufunga mwili na makaratasi wakaanza safari. Oktoba mwaka huo walikuwa hapa Unyanyembe, ambako msafiri Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike mwili papa hapa. Wakakataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwaka huo haujaisha, shajara za mwisho za Livingstone zilikuwa zimechapwa London. Watu wengi huusifu uaminifu wa watu hao, na wanastahili. Mimi nausifu pia utaratibu wao. Mtu asiyejua alichonacho hawezi kujua alichokipoteza.

Kabla sijaendelea, nieleze tovuti tuli ni nini, maana jina lenyewe halisemi mengi. Tovuti nyingi za leo hazina kurasa zilizo tayari. Unapobonyeza kiungo, programu kwenye seva huamka, huiuliza hifadhidata kichwa cha habari, maneno, tarehe na jina la mwandishi, huviunganisha, ndipo hukutumia. Msomaji wa pili akija, kazi yote hurudiwa. Kwa duka au benki hilo ni lazima, kwani bei na salio havitulii. Lakini simulizi juu ya tembe la Kwihara halibadiliki kati ya saa nne na saa tano. Tovuti tuli huifanya kazi ya kuunganisha mara moja tu, nyumbani, kwenye kompyuta ya mwandishi, kabla ya safari. Kinachopelekwa kwenye seva ni kurasa zilizokwisha kukamilika, kila moja ikiwa faili lake. Seva haina cha kufikiri: inaombwa faili, inatoa faili. Hakuna hifadhidata ya kuharibika, na hakuna fomu ya kuingilia ambayo mwizi wa mtandaoni atakesha akijaribu nywila zake.

Mambo haya si mapya. Kurasa za kwanza kabisa za wavuti, alizoziweka Tim Berners-Lee huko CERN mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa faili za namna hii. Kilichoongezeka baadaye ni vyombo vya kumpunguzia mtu kuchosha vidole. Jekyll ilitoka mwaka 2008, Hugo mwaka 2013. Fundi wangu anatumia Hugo. Mwandishi anaandika maneno yake kwenye faili la maandishi matupu, na Hugo inayavalisha: kichwa juu, menyu pembeni, tarehe chini, kwa mamia ya kurasa ndani ya muda ambao hujamaliza kuvuta pumzi.

Faili lenyewe linapendeza kwa unyenyekevu wake. Juu kuna mistari michache iliyofungiwa kati ya vistari vitatu na vitatu: kichwa, tarehe, mahali, anwani ya zamani. Chini yake ni maneno. Alama ya reli mbele ya mstari inaufanya kuwa kichwa kidogo. Nyota mbili zikilizunguka neno, neno linakolea. Basi. Mtindo huu unaitwa Markdown, aliutoa John Gruber mwaka 2004, na uzuri wake ni kwamba hata usipokuwa na programu yoyote ya kuuelewa, bado unasomeka. Faili hilo linafunguka kwenye kompyuta ya steshenari, kwenye simu, kwenye mashine ambayo bado haijatengenezwa. Niliyoyaandika jukwaani yalikuwa yamezongwa na amri za rangi na ukubwa wa herufi, nyingine za mapambo yaliyokwisha kuondolewa. Fundi aliyavua yote, sentensi zikabaki peke yake. Nilizisoma nikaona mpya, na baadhi nikaona wazi kuwa ni mbaya; rangi ilikuwa ikizificha.

Hapo ndipo tulipokutana na neno Ng'ambo.

Ng'ambo ni kata ya mji wetu, na nimeitaja mara nyingi. Katika faili lililopakuliwa neno hilo lilitokea limepondeka: baada ya Ng kulikuwa na herufi tatu za ajabu, a yenye kofia, alama ya yuro, alama ya biashara, halafu ambo. Ng'ombe nao waliharibika hivyohivyo, na kung'aa, na kung'oa. Fundi alinieleza bila haraka. Kuna ritifaa iliyonyooka, ile ya kibodi, na kuna iliyopinda, ambayo programu za kuandikia hupenda kuiweka kwa niaba yako. Iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu. Mahali fulani njiani, programu ya mtindo wa zamani ilizisoma baiti tatu kama herufi tatu, ikahifadhi kosa. Kiingereza hupatwa na hili pia, lakini kwetu ng' ni sauti kamili, hivyo kosa linavunja neno katikati ya mfupa.

Kungekuwa na njia ya mkato: tafuta, badilisha zote, maliza. Hakuipita. Alisema katika maandishi yangu alama ileile ilifanya kazi mbili, ya ng' na ya kufunga nukuu ndani ya nukuu, na mashine haiwezi kuzitenganisha kila mara. Akatoa orodha ya kila mahali ilipotokea, na maneno machache kushoto na kulia, akaipitia mstari kwa mstari.

“Mwalimu,” akaniuliza mara moja, kidole kikiwa kwenye kioo, “hii ya ng'wana ni sauti au umefunga nukuu?”

“Sauti, mwanangu. Ni Kinyamwezi hicho.”

“Basi naiacha. Na aya nzima naiwekea alama kuwa ni Kinyamwezi.”

Sikumwelewa mpaka aliponionyesha. Juu ya kila ukurasa wa wavuti kuna mahali pa kutaja lugha. Jukwaa la zamani lilikuwa limeandika en kwenye kurasa zangu zote, kwa hiyo mashine ilidhani nimeandika Kiingereza. Simu inayomsomea asiyeona ingetamka Kiswahili changu kwa matamshi ya London, na kivinjari kingejitolea kunitafsiria kutoka lugha ambayo sikuiandika. Fundi aliweka sw kila ukurasa, na penye maneno ya wazee wa Kinyamwezi akaweka nym, vifupisho vilivyokubaliwa kimataifa. Hakuna msomaji atakayeziona herufi hizo. Aliziweka kwa utulivu uleule aliouweka kwenye kichwa cha habari. Miezi nayo aliiandikia orodha yake ili Hugo isije ikaandika March mahali pa Machi.

Kitu nilichokiheshimu kuliko vyote ni namna alivyoitunza nakala ya asili. Faili lile lililopakuliwa, na makosa yake yote, aliliweka kwenye folda ambayo haiguswi. Mabadiliko yote yalifanyika kwenye nakala, na kila badiliko liliandikwa kwenye Git, chombo alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005 kinachokumbuka nani alibadilisha nini, lini, na kwa sababu gani. Mafundi wengi huandika sababu hizo kwa mkato usioeleweka. Yeye huandika sentensi nzima, kwa Kiswahili: “Nimerudisha ng' katika simulizi ya Ng'ambo, nukuu sijazigusa.” Nimezisoma sababu zile kuanzia mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesoma shajara.

Tabora ina sababu yake ya kuujua umuhimu wa nakala ya asili. Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, ng'ambo ya pili ya ziwa Tanganyika, akiwa ameishiwa karatasi na wino. Aliandika juu ya gazeti kuukuu la Standard, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa mbegu za mzingifuri. Humo alieleza mauaji aliyoyashuhudia sokoni Julai 15. Baadaye aliyanakili maelezo yake kwenye daftari kubwa, ambalo wataalamu wanaliita Jarida la Unyanyembe, kwa jina la nchi yetu hii, na Machi 1872 Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtafuta, aliondoka Kwihara nalo likiwa limetiwa lakiri. Ulimwengu ukasoma nakala. Magazeti yale yalififia, wino ukamezwa na maandishi ya chapa, yakawa hayasomeki. Mwaka 2011 tu ndipo maneno ya awali yalipotokeza tena hadharani, baada ya kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kuyapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, ikiwamo isiyoonekana kwa macho. Yalipolinganishwa na jarida, ilionekana kwamba mwandishi alipokuwa akinakili alibadilisha baadhi ya mambo juu ya siku ile. Watafiti walichapisha picha na maandishi mtandaoni bure, maandishi yakiwa katika faili zilizo wazi ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua na kuzihamisha.

Kunakili kunabadilisha. Mwandishi hukutana na sentensi yake ya zamani, mkono ukamuwasha. Mimi mwenyewe nilitaka kupunguza maneno makali niliyomwandikia mwanahistoria mmoja zamani. Fundi hakunikataza. Alisema nibadilishe nikitaka, ila itaandikwa kwamba nimebadilisha. Nikayaacha.

Kisha zikaja anwani. Berners-Lee aliandika mwaka 1998 kwamba anwani njema haibadiliki, na wavuti ukaendelea kuwa makaburi ya anwani zilizobadilika. Mwaka 2009 pekee, Yahoo ilipoifunga GeoCities, mamilioni ya kurasa za watu wa kawaida yalitoweka. Anwani ikishanakiliwa kwenye tasnifu ya mwanafunzi na tasnifu ikajalidiwa, huwezi kuirekebisha tena. Kwa bahati jina la tovuti lilikuwa langu, nililipia kila mwaka hata nilipokuwa mpangaji, hivyo njia zote za zamani bado zilikuja mlangoni kwangu. Ndiyo maana ya ule mstari wa anwani ya zamani katika kila faili. Anayekuja kwa njia ya zamani hupewa jibu namba 301, lenye maana ya “amehama moja kwa moja, yuko kule,” na kivinjari kinampeleka bila yeye kujua. Fundi aliijaribu kila anwani ya ile orodha ya siku ya kwanza. Zile ambazo hazikufika alizirekebisha, akaanza kuzijaribu upya zote, hata zilizokwisha kufaulu.

Uzito nao aliupima kama mtu wa misafara. Makala ya maneno 2,000 ya Kiswahili, yakiwa matupu, ni kilobaiti zipatazo 14. Picha moja ya simu janja inafika megabaiti nne, karibu mara 300 ya maneno yote hayo. Msomaji aliyeko Urambo, Kaliua au Uvinza anasoma kwa bando alilolinunua kwa pesa ya mboga, na mtandao ukiyumba ukurasa mzito hukatikia katikati. Picha zote za tembe la Kwihara alizipunguza hadi ukubwa ambao macho hayaoni tofauti, akaziandikia maelezo ili ambaye picha imegoma kumfungukia ajue kuna nini. Maneno hutangulia, picha hufuata. Ukurasa haubebi tangazo, wala kijiprogramu cha kumfuatilia msomaji alikotoka.

Sehemu ya seva niliidhani ngumu, na kumbe ndiyo fupi. Ni kompyuta ya kukodi yenye mfumo endeshi wa Debian, programu ya nginx ya kutoa faili, na cheti cha usalama cha Let's Encrypt ambacho ni cha bure, hudumu siku 90 na hujihuisha chenyewe. Kupeleka kurasa mpya natumia rsync, ambayo hulinganisha huku na kule ikapeleka kilichobadilika tu. Nikirekebisha neno moja, sipandishi tovuti nzima. Umeme ukikatika naandika kwa betri ya laptopu, natengeneza tovuti yote bila intaneti, naisoma mezani kwangu jinsi itakavyoonekana, na kuituma nasubiri asubuhi. Nakala kamili iko kwa fundi, nyingine kwa mwanangu Mwanza, nyingine kwenye flashi kabatini. Seva ikifa leo, kesho jioni tovuti inasimama kwingine, na msomaji hatajua kuwa tumehama.

Haya yanadai uangalifu. Jina lilipiwe kabla halijaisha muda, Debian isasishwe, nakala zijaribiwe kama kweli zinafunguka. Asiyekuwa na subira ya kazi hizo ndogondogo abaki kwenye nyumba ya kupanga, si aibu. Lakini yeyote anayeandika vitu anavyotaka visomwe na wajukuu, kwa maoni yangu, anapaswa angalau kuwa na faili zake za maandishi matupu mkononi, kwa majina yanayoeleweka, ndani ya folda anayoijua.

Zimebaki rekodi za sauti. Ziko kwenye kaseti, sauti za wazee waliowajua watu waliobeba mizigo, na kanda nyingine zimeanza kunata. Fundi ameazima mashine ya kuzichezea na anataka kila sauti iwe na maandishi yake kwenye faili la pembeni, pamoja na dakika ambayo kila swali linaulizwa. Tumekubaliana kuanza na zile za Kinyamwezi, kwa kuwa watu wa kunisahihisha maneno yake ya zamani, hasa majina ya vifaa vya safari, wamebaki wachache, na mmoja wao amesema niende Jumapili baada ya misa.